Angalia Salio Kabla ya Kukabidhi Mzigo

Mwaka jana jirani yangu aliuza cherehani. Ilikuwa cherehani ya miguu, yenye meza ya mbao, aliyoinunua kwa hela ya kikoba zamani alipoanza kushona sare za shule hapa mtaani kwetu Temeke. Macho yalipoanza kumsumbua akaona heri aiuze, hela iingie kwenye biashara yake ya vitumbua. Mwanawe akaipiga picha mbili barazani, akaziweka mtandaoni pamoja na bei: shilingi 350,000, maelewano yapo. Saa nzima haikupita, simu ikaita.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, ile cherehani bado ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo."

Kijana alikuwa na sauti ya upole na alijieleza vizuri. Yuko Morogoro kikazi, mke wake ni fundi, anaanza kazi Mbagala, anataka kumpelekea zawadi bila yeye kujua. Hakuomba apunguziwe hata shilingi. Alisema hela anatuma sasa hivi na bajaji ya kuchukua mzigo iko njiani. Na kweli, mama akiwa bado anageuza vitumbua jikoni, meseji ikaingia, na kabla hajaisoma mpaka mwisho bajaji ikapiga honi nje. Kijana akapiga tena: "Mama, hela umeiona? Basi mruhusu dereva, kuna abiria mwingine anamsubiri." Majirani wawili tukasaidia kuinyanyua cherehani. Mimi nilishika upande wa pedali.

Jioni alikwenda kwa wakala kutoa hela. Simu ikamjibu kuwa salio halitoshi. Akarudia, jibu likawa lile lile. Wakala akamsaidia kuangalia: mlikuwa na elfu kumi na mbili na mia nne, basi.

Haya yote nilikuja kuyajua wiki tatu baadaye. Katika wiki hizo tatu tulisalimiana kila asubuhi, na kila nilipomuuliza mke wa yule kijana anaendeleaje na cherehani, alinijibu, "Salama tu." Alikuwa anaona haya. Aliponiambia hatimaye, alinong'ona kama aliyeiba yeye. Nimemwomba ruhusa niandike, akanikubalia kwa sharti moja, jina lake nisilitaje. Ndugu msomaji, naandika kwa sababu najua katika mtaa wako pia yupo mtu anayejibu "salama tu", na yupo mwingine ambaye kesho ataweka friji lake, simu yake, au kochi lake mtandaoni na hajasikia habari hizi kwa mtu yeyote.

Jirani yangu alinionyesha ile meseji. Hakuifuta. Nimeisoma mara nyingi, na nataka tuisome pamoja.

Maneno yake yalikuwa sahihi kabisa: kumbukumbu namba mwanzoni, neno "Imethibitishwa", kiasi, jina la mtumaji, tarehe na saa. Lakini ilitoka kwenye namba ya kawaida ya simu, ya tarakimu kumi, kama yako na yangu. Meseji halisi za mtandao wake huja kwa jina la huduma na hujipanga mahali pamoja na zile za miezi iliyopita. Hii ilikuwa peke yake. Hata hivyo sikusihi uegemee hapo tu, maana jina la mtumaji nalo huweza kughushiwa. Kilichonishika ni mstari wa mwisho, ule wa salio jipya. Uliandikwa 350,000 kamili. Sasa, mama yule asubuhi hiyo alikuwa na 12,400. Kama hela ingekuwa imeingia kweli, salio lingesoma 362,400. Tapeli anaweza kuiga kila neno na kila nukta ya meseji ya malipo. Asichokijua ni kilichokuwamo kwenye simu yako kabla hajakupigia.

Ndiyo maana wito wangu wote, ukiuminya, ni huu: usikabidhi mzigo kwa meseji, kabidhi kwa salio. Wakenya walianza kutumiana hela kwa M-Pesa mwaka 2007, sisi Tanzania tukafuata 2008, na katika miaka yote hiyo tumezoea kwamba simu ikilia na maneno "umepokea" yakionekana, shughuli imekwisha. Mazoea hayo ndiyo tapeli anayoyafanyia kazi. Meseji ni taarifa tu. Hela iko kwenye akaunti, na mlango wa akaunti unaufungua mwenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa, *150*01# kwa ile tuliyoizoea kwa jina la Tigo Pesa, na *334# kwa jirani zetu wa M-Pesa ya Kenya. Nusu dakika inatosha. Hiyo nusu dakika ndiyo yule kijana aliyokuwa anaipigania kwa honi ya bajaji, kwa abiria anayesubiri, kwa kupiga simu mara mbili wakati mafuta yako jikoni.

Na picha ya muamala je? Nayo ni hivyo hivyo. Siku hizi mnunuzi hukurushia skrinshoti ya kuwa ametuma, au picha ya karatasi ya benki yenye mhuri wa bluu, akakwambia ni benki kwenda benki, itaingia kesho, wewe pakia tu. Kama itaingia kesho, mzigo nao utaondoka kesho. Mnunuzi wa kweli hatakasirika kwa jambo hilo. Naye asingekupa hela yake kwa picha ya mzigo.

Kitu kingine ambacho jirani yangu alikiona na kukipita: kijana hakupunguza bei. Tangu lini? Mtu yeyote aliyekwenda Kariakoo akanunua hata kanga ya pea moja anajua kwamba bei ya kwanza ni ya kuanzia mazungumzo. Anayenunua kitu kilichotumika bila kukiona, bila kuuliza kama sindano inaruka nyuzi, bila kuomba elfu kumi ishuke, ana sababu yake. Simwiti mwizi papo hapo, wapo wenye uwezo na haraka zao. Ila ni wakati wa kuvuta kiti na kumuuliza maswali mawili matatu.

Sasa nije kwenye mtego ambao hata kuangalia salio peke yake hakuutegui, na ndio unaoniumiza zaidi kwa sababu unawaumiza wawili kwa mpigo. Hela inaingia kweli. Unaiona kwenye salio. Unakabidhi simu yako uliyokuwa unaiuza kwa mtu aliyetumwa, mnaagana vizuri. Baada ya siku mbili unapigiwa na polisi, au na mama mmoja wa Tabora anayelia, kwamba namba yako imemtapeli. Kilichotokea ni hiki: tapeli alijifanya muuzaji kwa yule mama, akamwahidi simu au friji la bei poa, na namba ya kulipia akampa yako. Mama akalipa kwako, tapeli akachukua mzigo wako, akaondoka bila kuacha ushahidi, huku jina lako ndilo lililobaki kwenye muamala. Kinga yake ni jina. Meseji halali inataja nani ametuma. Kama mnunuzi alijitambulisha kwa jina moja na hela imetoka kwa jingine, uliza kabla hujatoa kitu, na mpigie huyo aliyetuma. Muulize tu, "Ndugu yangu, umelipia nini?" Swali hilo dogo linaweza kuokoa watu wawili.

Wapo pia wanaolipa kweli, wakachukua mzigo, kisha wakaenda kwa kampuni ya simu kudai walikosea namba ili muamala urejeshwe. Huduma ya kurejesha ipo kwa nia njema. Kenya, kwa mfano, mteja wa Safaricom aliyekosea hutuma meseji ya muamala kwenda 456. Dawa ya wanaoitumia vibaya ni karatasi. Andika risiti hata ya mkono: kitu gani, bei gani, nani kapokea, saini, tarehe. Mpige picha mpokeaji akiwa na mzigo, kwa ridhaa yake. Na upande wa pili, ukipigiwa na mtu anayelia kwamba amekutumia hela kimakosa na mtoto wake yuko hospitali, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie awapigie watoa huduma wake wairejeshe wao. Kama kweli alikosea, atarudishiwa kwa njia hiyo. Kama hakutuma kitu, utakuwa umeponya hela yako mwenyewe.

Tuje kwenye mizigo, maana ukishauza kitu kwa mtu wa mbali lazima kisafiri. Kwetu mzigo mwingi wa mtandaoni unakwenda kwa basi. Unaupeleka kituo cha Magufuli pale Mbezi, au kwenye ofisi ya basi mjini, karani anaandika jina la mtumaji, jina la mpokeaji na namba zao za simu, anakukatia risiti. Mwanza wanapokea kesho yake. Ni utaratibu mzuri, umelisha familia nyingi. Lakini wauzaji wengi hatujui thamani ya ile risiti. Mnunuzi anakwambia, "Dada, nitumie picha ya risiti nihakikishe umetuma, hela nakurushia hapo hapo." Unatuma picha. Ile picha ina jina la basi, namba ya mzigo na jina la mpokeaji. Kwa karani mwenye foleni ndefu asiyeuliza kitambulisho, mtu mwenye picha hiyo ameshafika nusu ya safari ya kuuchukua. Kwa hiyo picha ya risiti iende baada ya salio kusoma. Kama mnunuzi naye anaogopa kulipa kabla, na ana haki ya kuogopa kwa sababu wauzaji hewa wapo tele, wekeni mtu kati: ndugu yako aliye mji ule, au mfanyabiashara mnayemwamini wote wawili. Au andika jina lako mwenyewe kuwa mpokeaji, mnunuzi akaukague mzigo ofisini, akishalipa wewe unampigia karani na kumtaja wa kumkabidhi. Zungumza na karani kabla. Wengi ni waelewa.

Bodaboda na bajaji wanastahili neno lao. Yule dereva aliyebeba cherehani alitafutwa baadaye. Naye alikuwa ametapeliwa: aliambiwa apeleke mzigo mpaka kando ya barabara kule Rangi Tatu, akakuta kijana mwenye kirikuu, wakapakia, akaahidiwa nauli kwa simu. Hakulipwa mpaka leo. Madereva wetu, nawasihi: mkitumwa kuchukua mzigo na mtu msiyemjua, mwulizeni mwenye nyumba, "Umeshahakikisha hela yako?" Swali likitoka kwa dereva, haraka yote ya tapeli inakatika.

Wale wanaotumia posta wajue jambo moja zuri. Kifurushi cha kimataifa kilichosajiliwa kina namba ya kufuatilia yenye herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi kilikotoka; kilichotoka Tanzania kinaishia na TZ. Kwa hiyo mtu akikuandikia kwamba mzigo wako umekwama posta, ubonyeze kiungo ulipe elfu chache utoke, omba namba hiyo, kisha uiingize mwenyewe kwenye tovuti ya Shirika la Posta au uende kaunta. Kiungo usikiguse. Elfu chache ndicho chambo, wanachokitaka ni namba za kadi yako.

Na hapa wito wangu unavuka bahari kidogo, kwa ndugu zetu walioko Uingereza na Ujerumani wanaouza stroli za watoto na meza mitandaoni wanapohama nyumba. Huko mchezo wa siku hizi ni mnunuzi anayesema amekwisha kulipa, kampuni ya usafirishaji itakuja kuchukua, wewe fungua kiungo hiki "upokee" malipo yako. Ukurasa unafanana kabisa na wa kampuni halisi. Unakuomba namba ya kadi, tarehe ya kuisha, kisha ile namba ya uthibitisho inayotumwa na benki kwenye simu. Wengine hutaka ulipe kwanza bima au nauli ya msafirishaji, wakiahidi kukurudishia na nyongeza. Na ukilipwa kwa PayPal, kumbuka kwamba kinga yao kwa muuzaji inategemea mzigo kutumwa kwenye anwani iliyoandikwa kwenye muamala. Mnunuzi akikubembeleza uupeleke kwingine, au akimleta binamu yake auchukue mkononi, ukizuka mgogoro utabaki bila uthibitisho.

Huku kwetu ndugu wa mtego huo huja kwa simu. "Mama, malipo yako ni makubwa, inabidi uyaruhusu. Bonyeza nyota mia hamsini nyota sifuri sifuri reli. Chagua moja. Ingiza namba hii ya uthibitisho. Ingiza kiasi. Sasa namba yako ya siri." Anasoma haraka haraka, wewe unafuata. Ukisimama ukasoma kioo chako utaona ile moja uliyochagua imeandikwa "Tuma pesa", na hiyo wanayoiita namba ya uthibitisho ni namba ya simu. Tuwafundishe wazazi wetu jambo hili kwa maneno ya kawaida kabisa, tukikaa nao na simu mkononi: kupokea hela hakuhitaji namba ya siri. Hakujawahi kuhitaji. Mtu akitaka ubonyeze chochote ili hela iingie, hela inatoka. Na mtoa huduma wa kampuni ya simu hapa Tanzania hukupigia kwa namba 100, wala hakuombi namba ya siri.

Ukilizwa, usikae na uchungu wako ndani. Ipigie kampuni yako ya simu 100 mara moja, kabla hela haijatolewa kwa wakala mahali pengine. Dakika hapa ni muhimu kuliko kitu kingine chochote. Ile meseji ya kitapeli itume kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo, ufuate maelekezo kuitaja namba ya tapeli ifungiwe. Nenda kituo cha polisi, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inautambua wizi huu kuwa kosa la jinai, hata kama hakuna aliyekushikia kisu. Piga pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta laini usiyoijua, nenda dukani kwao ikafungwe, kwa sababu laini za utapeli husajiliwa kwa majina ya watu wasio na habari. Na usiifute meseji. Jirani yangu hakuifuta, na ndiyo maana leo mimi na wewe tumeisoma.

Ninalowaomba wengine wote ni gumu zaidi kuliko kubonyeza namba. Tusiwacheke waliolizwa. Mtaani kwetu ilipojulikana, wapo waliosema, "Mtu mzima mzima hivi anaibiwaje kwa meseji?" Maneno hayo ndiyo yaliyomfunga mdomo wiki tatu. Katika wiki hizo tatu, namba ile ile ilimpigia muuzaji wa magodoro mtaa wa pili, shikamoo ile ile, Morogoro ile ile, mke fundi amegeuka mke muuguzi, na godoro la futi sita likapakiwa kwenye bajaji. Kama jirani yangu angeona kwamba akisema atapokelewa, godoro lile lisingeondoka. Kwa hiyo kwenye vikoba vyenu, kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, baada ya ibada Ijumaa au Jumapili, mtu akisimulia alivyoibiwa, mpeni pole kwanza. Kisha mwambieni asimulie tena polepole, kwa faida ya wasiokuwepo.

Vijana mnaowawekea wazazi bidhaa mtandaoni, msiishie kupiga picha. Andikeni chini ya bei, kwa maneno yenu: mzigo unatoka baada ya salio kuonekana. Tapeli akisoma hivyo, mara nyingi anapita. Na wewe mnunuzi mwema, muuzaji akikwambia subiri kidogo aangalie, usinune. Anakulinda na wewe pia.

Cherehani haikupatikana. Wiki iliyopita jirani yangu aliuza kabati la vyombo, kwa mtandao huo huo, kwa sababu maisha yanaendelea na hela ya mtaji bado inahitajika. Kirikuu kilifika mapema, meseji ikaingia, dereva akashuka na kamba zake. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akamvutia benchi.

"Karibu ukae, baba. Chukua na kitumbua, bado cha moto. Naangalia salio."

Akaingia ndani na simu yake. Dereva alikula kitumbua cha kwanza, akaanza cha pili. Kisha tukamsikia mama akituita kutoka chumbani tuje tusaidie kubeba.